Gauni Lililoshiba

Fundi cherehani huyu alikuwa hodari wa mambo mawili: kushona, na kujidanganya. Wiki ya tatu sasa alikuwa akija kliniki ya mchana, mahali ambapo watu wazima walioshindwa na chakula huketi mezani wakasimamiwa mpaka wale, kisha jioni wakarudi makwao. Yeye aliyepima viuno vya nusu ya mtaa alikuwa anaogopa yai. Kimoyomoyo alijicheka: nyoka hajanitisha, umeme haujanitisha, kuku ndiye ameniweza, tena kabla hajazaliwa.

Lakini leo mzaha ulikuwa na mpaka. Saa nane daktari angeamua: aendelee kulala nyumbani, au alazwe wodini. Na nyumbani kulikuwa na binti yake wa miaka mitano, asiyepata usingizi mpaka ashike kidole cha mama yake. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Basi mwerevu wetu alifanya nini? Alijishonea gauni jipya la kitambaa chepesi, rangi ya maziwa, lenye mfuko wa siri ubavuni. Nesi alipogeukia wengine, mkate na siagi yake vikazama mfukoni. Yai likafuata.

"Dada, gauni hilo umeshona mwenyewe?" nesi akauliza.

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini fundi gani husifiwa kazi yake akatulia? Alisimama, akajizungusha. "Tazama mshono ulivyolala! Utafute mpaka kesho, huuoni."

Kweli, mshono nesi hakuuona. Aliona doa la siagi likitambaa kiunoni. Miaka ishirini fundi alikuwa akiwagombeza wanafunzi wake wasile karibu na kitambaa cheupe, leo yeye amekigeuza sahani.

"Dada yangu," nesi akasema taratibu, "gauni lako limeshiba kuliko wewe."

Fundi akacheka, kicheko kikageuka kilio. Aliona haya, na aliogopa. "Utamwambia daktari?"

"Nitamwambia nitakachokiona. Saa nane bado." Nesi akaweka mkate na yai vingine sahanini, akavuta kiti, akaketi.

Mikasi hairuhusiwi pale mezani. Fundi akakitoa chakula kilichopondeka, akaugeuza mfuko, akakata uzi kwa meno, akafumua mfuko mzima. Uzi huo ndio ulikuwa kitu cha kwanza alichokiuma tangu asubuhi.

"Nipe chumvi," akasema, akalishika yai kwa mkono wenye kile kidole anachokishika binti yake usiku.