Nyuso za Njiani

Mzee Gyalzen alimshika Bibi Yangji kidevu, akamgeuzia dirishani kama anayekagua kiazi sokoni.

"Umechakaa, shemeji," alisema. "Hiyo sauti yako imenidanganya miaka kumi na mmoja."

"Na wewe hukuwa mzuri hata kabla ya kupofuka. Nyamaza unywe chai."

Binti wa mzee, Phuti, alikaa karibu na mlango, kikapu bado mgongoni, amechoka hadi rohoni. Safari ya siku moja kutoka zahanati ya bondeni ilikuwa imeingia siku ya tatu. Tangu daktari amwondoe mzee mtoto wa jicho, hakuna kijiji walichokipita salama. Kila nyumba aliingia, kila uso akautazama, na kila mahali chai ya siagi ilijazwa mara tatu, maana kuinuka kabla ya hapo ni kumtukana mwenye nyumba. Alikwisha kuwatazama waashi, watawa, hata mbuzi wa watu. Phuti, aliyemshika mkono miaka yote ya giza, hakutupiwa jicho hata mara moja. Siku ile bandeji ilipofunguliwa, mzee aligeukia ukuta akausifu kwa weupe wake.

Walipoaga, mzee alisema yaleyale ya siku zote tatu: "Tangulia, mwanangu."

Phuti akatangulia. Waliufikia ukuta wa mawe yaliyochongwa sala, wakaupita upande wa kushoto kama inavyopasa, na hapo hasira zikamshinda. Akasimama bila kugeuka.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Tembea. Mvua hiyo inakuja."

"Mbuzi wa Yangji umemsifia pembe. Mimi nina kasoro gani hata usinitazame?"

Nyuma yake alisikia fimbo ikilazwa chini, kisha mzee akiketi juu ya jiwe kwa kuguna. Phuti akadhani atasingizia magoti, kama kawaida yake.

"Nilipopofuka ulikuwa na miaka kumi na tisa," alisema mzee. "Watu walileta pombe ya posa mara mbili. Mara zote mbili niliirudisha. Nilijiuliza, huyu akiolewa, mimi nitashikwa mkono na nani?" Akakohoa. "Nyuso za hao wengine zimeliwa na miaka. Wako nimeula mimi."

Mkono wa Phuti ulijiendea usoni pake, ukapapasa mikunjo ya pembeni mwa jicho, ukashuka shavuni palipobabuliwa na baridi. Hasira ilikuwepo bado, lakini pamoja nayo aliona haya, kama msichana anayechunguliwa na wakwe.

"Basi uone ulichokula," alisema, akageuka.

Mzee alikuwa amefumba macho.

Phuti akafyonya. Alitua kikapu, akaketi chini mbele yake, goti kwa goti, akangoja.