Siku Niliyoitwa Bi

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nane Julai 1936, saa tisa alasiri. Georgia, kusini mwa Marekani, ilikuwa imekauka, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mpamba. Siku hiyo nilitimiza miaka kumi na miwili. Kwetu, huo ndio umri ambao mtoto Mweusi huacha kumwita mwenzake Mzungu kwa jina tupu, akaanza kumwita Bi au Bwana.

Ozella, binti wa mpishi wetu Luvenia, alinizidi miezi miwili. Tulijifunza kutembea katika jiko moja. Asubuhi hiyo tulikaa kwenye ngazi za nyuma tukimenya pichi za aiskrimu.

"Kwa hiyo leo unakuwa mkubwa," alisema. "Na hata kuogelea hujui!"

"Utaniita Bi kweli?"

"Mbele yao, ndiyo. Kule kijitoni utabaki Chura wangu, kama siku zote."

Nilicheka, lakini niliogopa. Nilijua kwamba kijito kingekatazwa baada ya jina, na baada ya kijito ningempoteza yeye. Nikaamua kukataa kuitwa Bi. Sikumwambia.

Alasiri, wageni wa sherehe yangu walipojaa barazani, Ozella alitoka na sinia la bakuli za aiskrimu. Nyanya yangu alimkazia macho.

"Hongera, Bi Maribeth," alisema Ozella, akitazama sakafu.

"Usiniite hivyo, Zella!" nilisema kwa sauti. "Niite kama asubuhi."

Shangazi Eudora akaweka upepeo wake chini.

"Ehe! Asubuhi alikuitaje, mwanangu?"

Macho yote yakamgeukia Ozella. Akisema kweli, amenitukana. Akikana, amenifanya mwongo mbele ya wageni.

Luvenia akatoka ndani mbio, mikono imejaa unga, akampiga binti yake kofi.

"We mtoto! Nani kakufundisha kumzoea Bi Maribeth? Omba radhi, upesi!"

"Si yeye, ni mimi!" nililia.

Luvenia aliniinamia, kana kwamba ananipangusa gauni.

"Tafadhali, Bi Maribeth," alinong'ona. "Usitusaidie tena."

Ndipo nilipoelewa kwamba alimpiga mwanawe ili asije akapigwa na mwingine.

"Luvenia," alisema Nyanya, "huyo nisimwone hapa tena."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

Ozella aliomba radhi, akagawa bakuli zote tisa, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Jumatatu alianza kufua nguo katika nyumba nyingine mjini. Luvenia alirudi jikoni kukaanga kuku. Shangazi Eudora aliomba aiskrimu ya pili. Nyanya alisali kabla ya chakula. Mimi nilikaa nilipoambiwa nikae, nikala nilichopewa, nikasema asante.