Nyuki Mweusi wa Great Barr

Sikilizeni. Mimi ni Balwinder, fundi wa mbao, mzaliwa wa Nakuru, na hakuna mtu katika Birmingham nzima atakayenifundisha dudu vule, yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, ni nani. Nimewafukuza kwenye mbao za baba yangu tangu sijaota ndevu.

Kila Jumamosi kikundi chetu huhesabu nyuki wanene wa manyoya kwenye vishamba vya kukodi hapa Great Barr. Nyambura, muuguzi kutoka Nyeri, ndiye mwenye daftari. Mwezi Mei nilimpa nyuki mmoja jina lisilo lake kwa sababu jua lilikuwa limempausha rangi. Tangu siku hiyo, kila nyuki ninayemtaja huwekewa alama ya kuuliza kwa penseli. Kila mmoja! Heh, iliniuma sana.

Jumamosi iliyopita akatua nyuki mweusi tititi kwenye maua ya maharagwe.

"Dudu vule!" Nyambura akapiga kelele. "Haki ya nani, ni kama wale waliotoboa paa letu kule Nyeri! Huku Uingereza ni nadra sana, wacha niwatumie habari sasa hivi wanaotunza orodha ya nyuki wa nchi nzima."

"Usitume," nikasema. "Huyu ni yule wetu wa kila siku, nyuki wa bustani. Amezaliwa mweusi tu. Hutokea."

"Mzee, na yule wa Mei je?"

Watu wakacheka. Damu ikanichemka. Nikamnasa nyuki kwa chupa ya plastiki, nikambana taratibu kwa sponji mpaka akatulia.

"Achaneni na rangi! Dudu vule tumbo lake ni upara, linang'aa kama sufuria. Huyu ana manyoya mpaka makalioni. Na uso je? Mrefu kama wa farasi. Haya, njoo uone mwenyewe."

Nyambura akainama na lenzi. Akafungua picha kwenye simu, akarudi kwenye chupa, akarudi tena kwenye simu.

"Mzee," akasema mwishowe, "umetuokoa. Tungechekwa nchi nzima."

Tukamwachilia, naye akarudi moja kwa moja kwenye maharagwe yake. Nyambura akaandika kwa wino jina nililompa nyuki yule. Kisha akatoa kifutio, akaanza kufuta zile alama, ukurasa baada ya ukurasa. Nilisimama kifua mbele, kilemba kimenyooka, nikitamani mke wangu angekuwepo anione.

Alipofika kwenye ile ya Mei, nikamshika mkono.

"Hiyo iache," nikasema. "Pale nilikosea."