Kona ya Pumzi

Mashine mbili zilikuwa zimelazwa juu ya gunia mbele ya gereji ya fundi Salehe, pale Bigwa, na Anastasia alizitazama mikono kiunoni, kama mwenye duka aliyekamata wezi wawili na hajui aanze na yupi.

Hasira yake haikuwa ya asubuhi ile. Ilikuwa na umri wa mwaka mmoja kasoro siku nne. Ilianza siku lori lao liliporudi kinyumenyume konani, likiwa limepakia mabati ya kanisa la kigango, likamchukua mumewe Andrea hadi bondeni. Tangu hapo Anastasia alikuwa ameukasirikia mlima kwa ukali wake, akamkasirikia Andrea kwa kupenda kupakia, na usiombe usikie aliyomwambia Mungu. Lakini lori ndilo alilolichukia kuliko vyote, kwa sababu lilikosa pumzi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na hivyo ndivyo alivyoamini.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Salehe mwenyewe. Ukoo wake na ukoo wa Anastasia ni watani tangu enzi za mababu, na Uluguruni mtani huuingia msiba kana kwamba ni wake: hujilaza kaburini, hudai alipwe ndipo atoke, humwigiza marehemu mpaka waliokuwa wakilia washike mbavu. Hakuna anayemkasirikia. Siku ya maziko Salehe alishika usukani wa hewani, akapanda mlima wa uongo katikati ya uwanja, akikohoa na kuhema, macho yamemtoka pima, kisha akarudi kinyumenyume mpaka akaangukia masufuria ya wapishi. "Jamani, lori halina pumzi, na Andrea hana akili!" alipiga kelele. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Hata Anastasia alicheka, na kicheko kile kilimtuliza kuliko pole zote alizopewa.

Lakini mzaha ule haukubaki msibani. Uliingia vilabuni, ukapanda mashambani, na kabla mvua za vuli hazijakatika, kona ile ilikuwa imepata jina: Kona ya Pumzi. Abiria waliitumia kuelekezana pa kushukia. Watoto waliozaliwa juzi waliiita hivyo. Andrea, aliyeupanda mlima ule miaka ishirini na miwili bila kukwaruza hata jiwe, akabaki kuwa dereva aliyeshindwa na mlima. Hilo Anastasia hakuweza kulimeza. Aliuza karafuu za misimu miwili, akaapa kwamba Jumamosi, siku ya misa ya mwaka, lori lilelile litapita kona ileile na mabati mgongoni, kwa kishindo, na kila mwenye mdomo aufunge. Lori lilihitaji pumzi. Basi yeye atalinunulia pumzi.

"Chukua hili la konokono, mama mkubwa," alisema Emmanuel, mtoto wa mdogo wake, ambaye sasa ndiye dereva. Alikuwa amechuchumaa akiipapasa ile mashine ya duara. "Likiwaka linapiga mluzi huo, mpaka mjini wanasikia."

"Mluzi haupandishi mlima," Salehe alisema. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, kofia imekula grisi mpaka imesahau rangi yake. Leo hakuwa na utani mwingi. "Hizi supachaja zote kazi yao moja, kuilazimisha injini imeze hewa nyingi. Tofauti ni lini. Hili la konokono ni jepesi na halili sana mafuta, ila nguvu yake inakuja injini ikizunguka kwa kasi. Sasa wewe mlimani una mzigo, uko gia ya kwanza, unatambaa. Hapo lenyewe limesinzia."

"Na hili jingine?"

"Hili lina mapanga mawili ndani, yanasokotana. Linasukuma hewa tangu injini inapoamka. Kwa mlima ndilo. Lakini linabugia dizeli, na linachemsha. Kwa uzee wa injini yako, gasketi ikiondoka usije kunililia hapa."

"Hakuna la tatu lisilo na visirani?"

"Lipo, la skrubu, liko Dar. Kulinunua uza lori kwanza."

Emmanuel alicheka. Anastasia hakucheka. Alikuwa akiitazama ile ya mapanga, chuma kizito kilichotolewa kwenye injini iliyokufa zamani, na akilini alikuwa tayari ameifunga kwenye lori, mwaka mmoja nyuma, Andrea akiwa kwenye usukani.

"Angekuwa na hili siku ile, angepita," alisema.

Salehe alichukua tambara akaanza kufuta mikono iliyokuwa imekwisha kufutwa.

"Si angepita, mtani?"

"Mambo ya Mungu hayo."

"Sikukuuliza ya Mungu, nimekuuliza ya injini. Injini ikikosa pumzi mlimani inafanyaje?"

"Inakohoa. Inatoa moshi mweusi. Halafu inazima."

"Inazima kabisa?"

"Kabisa," alisema Salehe, na kabla neno halijamtoka vizuri uso wake ulibadilika.

Anastasia aligeukia lori lililoegeshwa kando. Lilimjia jambo aliloambiwa siku ya msiba, likapita sikioni kama mengine yote ya siku ile. Esther, jirani yake, ndiye aliyefika bondeni wa kwanza akitoka kukata majani. Alisimulia kwamba waliogopa kulisogelea lori, kwa sababu lilikuwa limepiga magoti mtoni na bado linanguruma.

"Lilikuwa linanguruma," alisema polepole. "Esther alilikuta linanguruma."

Salehe alilikunja lile tambara mara mbili.

"Kama injini haikuzima, basi lilikuwa limesimamishwa, likaachiwa na breki ya mkono," alisema Emmanuel, kwa wepesi wa mtu asiyejua anachokikanyaga. "Ila hiyo haiwezekani. Kwenye lori lote hili kitu kipya ni hicho tu. Ingia chini uone, waya wake unang'aa."

"Ni nani aliyeweka waya mpya?" Anastasia aliuliza. "Mimi sikuagiza waya."

Emmanuel alimtazama fundi. Salehe alikaa juu ya tairi bovu, akavua kofia.

"Ule wa zamani ulikatika wiki moja kabla," alisema. "Mjini kote sikupata mwingine. Andrea alikuwa na haraka ya mabati. Nikauunga kwa waya wa kufungia nondo. Nikamwambia utashika. Mimi ndiye niliyemwambia utashika."

"Endelea."

"Alikuta tawi limeanguka konani. Akasimama, akavuta breki, akashuka kuliondoa. Waliokuwa shambani ng'ambo waliliona lori likiondoka bila mtu, na yeye akilikimbilia mpaka akadandia mlangoni; walinieleza, ila mzaha wangu ulishaenea kuliko maneno yao. Nilipolivuta kutoka bondeni nilikuta waya umekatika palepale nilipounga, nikaweka mpya kimyakimya."

"Kwa hiyo hakushindwa na mlima."

"Andrea? Huyo mlima ulimjua."

Anastasia hakukumbuka aliokota spana saa ngapi. Aliikuta mkononi, nzito, na akaona kichwa cha Salehe kimeinama mbele yake kina mvi na upara kidogo, na akatamani. Alitamani kweli. Emmanuel alisimama.

"Mwaka mzima!" alisema Anastasia, na sauti yake iliwafanya mafundi wa gereji ya pili wageuke. "Mwaka mzima nauza karafuu ninunue pumzi! Watoto wangu wanapita pale wanasikia baba yao anaitwa mjinga, na wewe ulijua! Na ukacheza! Ukacheza mbele ya jeneza lake!"

"Nilikuja kukwambia, wallahi. Nilitoka hapa nikiwa na maneno mdomoni. Nilipofika uwanjani watu wakapiga kelele, mtani kaja, mtani kaja, wakanipisha njia. Nikafanya walichokuwa wanakingoja. Na ulipocheka, mtani, nikashindwa..."

"Usiniite mtani."

Neno lile hata Emmanuel, kijana wa mjini, alilijua uzito wake. Watani hutukanana, hunyang'anyana, huzikana; hawakatani. Salehe aliinua uso, na kwa mara ya kwanza Anastasia alimwona bila mzaha wowote, mwanamume mzee aliyechoka, akisubiri kupigwa na pengine akitamani apigwe.

Na hapo ndipo hasira yake ilipopata akili. Akimkata utani, Salehe atakuwa fundi tu. Atashtakiwa, ataomba radhi, watalipana, na kona itabaki na jina lake. Polisi haibadilishi jina la kona. Aliweka spana juu ya gunia, katikati ya zile mashine mbili.

"Niite," alisema. "Niite hivyohivyo. Jumamosi utakuja kwenye misa ya mwaka, na watu wakitoka kanisani utaliigiza tena lori."

"Mtani, nakuomba..."

"Mtani haombi. Safari hii utaigiza na fundi anayeunga waya. Utaunga mbele yao, utasema utashika, na utaonyesha ulivyokatika. Masufuria yatakuwepo."

"Na wakicheka?"

"Ulishawafundisha kucheka. Sasa wafundishe na hilo."

Anastasia hakununua hata moja ya zile mashine. Alipanda lori, na Salehe akabaki amekaa juu ya tairi, kofia mapajani, hakusema atakuja wala hatakuja.

Siku ileile, bila kungoja Jumamosi, walipakia mabati mjini na kupanda mlima nayo mgongoni, kwa pumzi ileile ya zamani, gia ya kwanza, wenye pikipiki wakiwapita. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Walipofika konani Emmanuel alikanyaga mafuta apite upesi, kama wafanyavyo wote.

"Simama," Anastasia alisema. "Vuta breki ya mkono."

"Hapa? Mama mkubwa, si hapa."

"Vuta. Usizime."

Emmanuel alivuta. Anastasia alishuka, akazunguka mpaka nyuma ya lori, mahali ambapo mteremko huelekeza uzito wote, akasimama mgongo ukielekea bondeni. Akaweka kiganja juu ya bodi la nyuma. Lilikuwa linatetemeka, la moto kidogo, injini inanguruma kule mbele bila kukata. Halikusogea.

"Kumbe pumzi ulikuwa nayo," aliliambia lori.

Emmanuel alitoa kichwa dirishani akamwita aondoke huko nyuma. Alimsikia vizuri, lakini hakuondoka bado.