Chenso Iliyonyweshwa Alizeti

Mume wangu Laurenti ana mashine ya kukamua alizeti hapa Ilongero, na hakuna anachokipenda duniani kama mafuta yake. Mtoto akikohoa, mafuta. Mlango ukilia, mafuta. Ng'ombe akichubuka, mafuta. Tumeishi vizuri miaka yote hiyo, maana mboga haiharibiki kwa kuzidi mafuta na milango yetu hailii. Lakini mwaka huu aliinywesha chenso yangu alizeti, na siku hiyo nilimtazama kama mtu nisiyemjua.

Chenso ni ule msumeno wa injini, wenye mnyororo, ambao ukiwashwa hapa unasikika kijiji cha pili. Yangu niliinunua mwenyewe, kwa kuku niliowafuga na shamba nililolilima, na hakuna mwanaume aliyechangia hata plagi. Siku ya kwanza nilipoiwasha, vijana wa kijiweni walicheka mpaka wakashikana mabega. Leo hao hao ndio wanaokuja kubisha hodi asubuhi, "Shikamoo mama, kuna mti umeegemea choo chetu." Nyumba nyingi za hapa, ukitazama juu ya dari, kenchi zake, zile mbao zinazobeba bati, zimepita mikononi mwangu. Nimeangusha miti iliyoinamia mapaa ya watu na sijawahi kuvunja bati la mtu. Nalisema hilo bila haya, na anayeona najisifu aende akanitafutie bati nililovunja.

Masika yaliyopita nilikwenda Misigiri kumuuguza mdogo wangu Magdalena, aliyevunjika mguu. Kabla ya kuondoka niliisafisha chenso, nikamwaga petroli, nikamwaga na mafuta ya mnyororo, nikaifunika. Laurenti akaikuta haina kitu tumboni, akaionea huruma. Akajaza tenki la mnyororo kwa alizeti yake, ile nzito ambayo haijachujwa sawasawa. "Isilale na njaa," ndivyo alivyonieleza baadaye, na usoni hakuwa na utani hata kidogo.

Alizeti ukiitumia na kuiosha siku hiyo hiyo haina ubaya. Hata mimi nimewahi kuitia mafuta ya dukani yalipokosekana. Lakini ukiiacha ilale masika yote, inaganda na kushika kama utomvu. Mtu yeyote anayekamua alizeti angepaswa kujua hilo, kwa sababu sakafu ya mashine yake mwenyewe inanata hivyo hivyo.

Niliporudi nyumbani sikujua lolote. Nilimkuta Bibi Anastazia ananisubiri, kikongwe jirani yetu anayeishi peke yake. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mgunga mkubwa. Mvua ilikuwa imeupasua kwenye panda, ukaegemea upande wa paa, na yeye alikuwa ameshahamishia godoro lake jikoni. Kibali cha kuukata kilikuwa kimetoka. Fredrick, mkata miti wa mjini, alikuwa ameshakuja na chenso yake mpya, na Bibi akamrudisha alikotoka.

"Nilimwambia namsubiri Mama Shukuru," aliniambia. "Wewe ukiangusha mti, kuku wangu hata hawashtuki."

Nilivimba kichwa, sikatai. Nikaenda nyumbani kuijaribu chenso kwenye gogo. Injini iliwaka vizuri kabisa. Mnyororo ulikuwa umeng'ang'ania, nikaulazimisha, ukazunguka. Mara moshi ukatoka, si moshi wa injini, ni wa chuma. Kufumba na kufumbua, ule ubapa unaobeba mnyororo ulikuwa umegeuka rangi ya samawati kwa joto, na ndani kitu kikalia kama meno yanayosagika. Nikazima. Nikafungua tenki la mnyororo, nikaingiza kidole, kikatoka na uji wa njano unaonuka kama jikoni kwangu.

"Baba Shukuru!" nikaita. Nasikia hata mnadani walisikia.

Sitayaandika yote niliyomwambia. Yeye alisimama pale na kofia mkononi, anarudia tu, "Lakini mama, si mafuta ni mafuta?" Nikaingia ndani kabla sijamtupia chombo.

Kesho yake niliitia chenso kwenye kiroba, nikapanda bodaboda hadi Singida Mjini kwa Calist, fundi wa injini ndogo karibu na soko. Alifungua, akanusa, akanitazama.

"Mama, hapa mlikaanga nini?"

"Fanya kazi," nikamwambia.

Akaifanya. Pampu inayosukuma mafuta kwenye mnyororo ilikuwa imeziba na jino lake limeliwa. Klachi imeungua. Ubapa ni wa kutupa, na mnyororo pia. Akafuta mikono yake taratibu.

"Mama, toleo hili limeshapitwa na wakati. Vipuri vyake mpaka nivitoe kwenye chenso zilizokufa. Ningekuwa wewe, ningenunua mpya nikapumzika."

"Injini?"

"Injini?" Akacheka. "Injini ni nzima kuliko mimi."

Nilikuwa bado natafakari simu ilipolia. Ni mwanangu Shukuru, anauza simu Dodoma. Baba yake alikuwa ameshampigia, kumlilia shida zake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Usihangaike na hilo kopo. Nitakuletea mpya Jumamosi, ipo kwenye boksi lake. Halafu nimeongea na Fredrick, ataishika yeye, mgawane kinachopatikana. Wewe ukae sasa. Umeshafanya vya kutosha."

"Nikae wapi?"

"Mama, upumzike. Hata ukweni huku wakiniuliza mama yako anafanya kazi gani, nawaambia ana biashara ya mbao. Itakuwa kweli sasa. Utakuwa bosi."

Kumbe ndivyo anavyowaambia. Kijana niliyemsomesha kwa sauti ya ile injini anaona aibu kutaja kwamba mama yake ndiye anayeishika. Iliniuma, na sina haja ya kuipamba: iliniuma kuliko ubapa ulioungua. Nilielewa pia kwamba ile mpya haikuja kuchukua nafasi ya chenso peke yake. Siku ambayo Fredrick angeuangusha mgunga wa Bibi Anastazia, hakuna mtu Ilongero ambaye angebisha tena hodi kwangu.

"Shukuru," nikasema, "lete boksi lako ukitaka. Mti wa Bibi nitaukata mimi, na kwa hii hii."

"Na ikikufia katikati ya mti?"

Lilikuwa swali la haki. Chenso ikifa mti ukiwa umekatwa nusu, mti ndio unaoamua pa kuangukia, na ule ulishachagua paa. Nikamgeukia Calist. "Ifufue."

Akatafuta pampu kwenye maiti tatu za chenso alizokuwa nazo stoo, akapata moja yenye meno. Klachi akaipata kwa mwenzake. Ubapa na mnyororo vikatoka dukani vikiwa vipya. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye kigoda nikiosha tenki kwa petroli, nakwangua alizeti ya mume wangu kwa kijiti, na kila ninapokwangua namtaja jina. Calist alicheka mpaka akaacha kazi.

Jumamosi asubuhi upepo wa kiangazi ulikuwa umeshaanza, na ule mgunga ulikuwa unalia kwenye ufa. Kwetu mti wa nyumbani hauangushwi na mtu mmoja. Majirani wanakuja kushika kamba, na mwenye mti anapika. Bibi Anastazia alikuwa ameshachinja kuku wawili, na sufuria ya mlenda ilikuwa mekoni. Laurenti alikuja akasimama mbali, ananichungulia. Shukuru akafika na bodaboda, boksi amelipakata mapajani kama mtoto mchanga. Nyuma yake alikuwa Fredrick, na glovu mpya.

"Mama, shikamoo," akasema Fredrick. "Tuanze na ipi?"

"Marahaba. Wewe anza na kamba, pale mbele."

Akatazama boksi, akanitazama mimi, akaenda kwenye kamba.

Niliiwasha chenso yangu. Kabla ya kugusa mti, lazima uhakikishe mnyororo unapata mafuta. Unaelekeza ncha mahali peupe, unaikoleza injini, na kama pampu inafanya kazi, mafuta yataruka na kuchora mstari. Nikatafuta mahali peupe. Pakavu na peupe kuliko pote palikuwa ubavu wa boksi la Shukuru. Nikaikoleza. Mstari mweusi ukajichora kwenye boksi, mwembamba, umenyooka. Watu wakapiga kelele. Shukuru akalitazama boksi lake, akacheka.

Ule mti ulitaka kwenda kwenye paa. Mimi nilitaka ulale upande, kati ya nyumba na zizi la mbuzi. Nikakata mdomo, lile pengo la kuuelekeza mti, upande ninaoutaka, nikawapanga watu kwenye kamba, nikamwita mwanangu.

"Wewe shika kabari na nyundo. Nikisema piga, unapiga. Nisiposema, hata upate mafua usipige."

Nikaingia nyuma ya mti. Vumbi la mbao likanijaa kifuani. Nilikuwa nasikiliza injini kwa sikio moja na ufa kwa jingine, na niliogopa, maana mtu asiyeogopa mti huo asipewe chenso. Katikati kabisa upepo ukavuma. Mgunga ukaegemea, ukaubana ubapa, na injini ikashusha sauti. Niliona macho ya Shukuru.

"Piga!"

Akapiga kabari. "Tena!" Akapiga tena, kwa nguvu zote. Mkato ukafunguka upana wa kidole, ubapa ukapumua, na ile injini ikapaza sauti yake ile ile ninayoijua. Sikuiachia. Nikapita upande wa pili, nikabakiza bawaba nene, ule mti usiokatwa unaoshika shina, upande wa mbali na nyumba, nikarudi nyuma.

"Vuteni!"

Mgunga ukageuka taratibu, ukaiacha nyumba, ukalala kati ya bati na zizi kwa kishindo kilichotikisa sufuria mekoni. Vumbi likapanda. Lilipotua, kuku mmoja wa Bibi alikuwa tayari juu ya gogo, anadonoa wadudu.

Bibi Anastazia aliingia jikoni, akatoka na godoro lake kichwani, akalirudisha chumbani kwake. Vifijo vilivyofuata mtu angedhani ni harusi.

Fredrick alikuja kunipa mkono. Nilimpa wangu, nikamwambia kamba aliivuta vizuri, na ilikuwa kweli. Kisha Shukuru akanijia na boksi.

"Mama, hii basi niirudishe?"

"Iache. Ikifika siku hii yangu imechoka, nitaishika hiyo."

"Utaishika wewe?"

"Kwani umemnunulia nani?"

Akaliweka chini miguuni pangu. Nikainama kusafisha mnyororo. Kidogo nikamsikia nyuma yangu anaongea kwenye simu, ile ya kuonana nyuso, na sauti ya mwanamke mtu mzima, ya kule ukweni kwake, inamuuliza huyo aliyeshika msumeno ni fundi gani.

"Huyo ni mama yangu mzazi," akasema Shukuru, kwa sauti ya kuwasikizisha watu wote waliokuwa uani. "Ile biashara ya mbao niliyowaambia ndiyo hii. Ndiye anayekata miti hapa, mama, yeye mwenyewe. Subiri, nikuonyeshe mti ulivyolala."

Niliendelea kufuta mnyororo uliokuwa umeshakauka zamani. Laurenti alisogea, akachutama, akaniuliza macho yana nini. Nikamwambia ni vumbi la mbao. Akafungua mdomo kusema habari ya mafuta, nikamkata jicho, akaufunga.