Meza Iliyonyooshwa

Matufaha machache, kitambaa cheupe na meza. Basi, hakuna kingine. Ungedhani ni kazi ya kitoto, lakini nesi mmoja mstaafu alikuwa amekosa usingizi kwa ajili ya meza hiyo.

Mwalimu wake wa kuchora kwa rangi za mafuta aliligawia darasa picha iliyochapwa, ya mchoraji mmoja wa Ulaya wa zamani, mmoja wa wale waliochoka kuchora vitu kama vilivyo. Iigeni, akasema. Atakayeleta nakala ya maana Jumamosi atapanda darasa la pili, achore cha kwake. Asiyeleta, kwaheri. Na nesi alikuwa na cha kwake: uso wa marehemu mama yake, ambaye hakuacha hata picha moja. Uso ule ulikuwa umeanza kumtoka kichwani, na alitaka kuuwahi.

Sasa meza! Ukingo wake unaingia chini ya kitambaa upande wa kushoto, na ukitokea kulia umeshuka, haukutani na ule wa kushoto. Mchoraji mwenyewe kafanya makusudi. Nesi kila akijaribu, mkono unanyoosha.

"Hii katengeneza mumeo nini?" Mwalimu alimtania, darasa likaangua kicheko, maana mumewe ni seremala. Nesi alicheka nao huku moyoni anachemka.

Rangi nayo ina visirani. Haikauki upesi, na nyekundu ikigusa kijani unapata tope. Alikwangua, akapaka, akakwangua tena. Alitukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

Ijumaa asubuhi, hasira zikiwa zimemfika shingoni, aliacha kabisa kuifikiria meza. Akafuata rangi tu, hapa bluu, pale kahawia. Kuinua macho, meza imepinda. Imepinda vilevile! Akapiga kigelegele peke yake sebuleni, akatoka kwenda dukani kununua sabuni ya kuoshea brashi.

Aliporudi alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya picha, rula mkono huu, brashi mkono ule.

"Mama watoto, njoo uone! Meza yako ilikuwa imekwenda upande. Nimekunyooshea. Ungeaibika kesho."

Ukingo ulikuwa umenyooka kama reli. Nesi akakaa kwenye kiti chenye matambara ya rangi.

"Uliitazama picha yenyewe?"

"Niliitazama. Na yeye kakosea. Fundi gani huyo? Meza ile hata kikombe hakikai."

Siku nyingine angecheka. "Tangu tuoane unanirekebisha," alisema. "Chumvi, hesabu, mpaka ninavyopanga viti. Sikatai, mara nyingi huwa nimekosea kweli. Lakini hii, baba watoto, hii nilikuwa nimeipatia."

Mumewe aliiweka rula chini. "Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ndiyo maana sijakuchapa nayo."

Alichukua kisu, akaanza kukwangua. Meza ilitoka pamoja na pindo la kitambaa na nusu ya tufaha. Akapaka upya. Ikanyooka. Akakwangua, akapaka, ikanyooka tena, loh! Akaitupa ile brashi ukutani, machozi yakamtoka bila kuombwa.

"Ni picha tu, mke wangu."

"Si picha tu! Nisipopanda darasa, mama simchori. Na uso wake unanitoka, kila siku unapungua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemnyoosha na yeye."

Neno lilimwingia. Alibaki kwenye magoti yake, akiitazama sakafu.

"Jicho la mama la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia," alisema mwishowe. "Na akicheka, mdomo unakwenda upande huohuo. Nilikuwa nikija kwenu kuposa, siachi kumwangalia. Vitu vilivyopinda mimi sivisahau."

Nesi alifuta macho kwa kiganja, akajipaka bluu shavuni asijue. Lile jicho alikuwa amelisahau kabisa.

"Chini kiasi gani?" aliuliza.

Mumewe aliinua vidole viwili, akaviachanisha kidogo sana, akavishikilia hapohapo ili mkewe apate kuona vizuri.