Ukuta Uliolowa

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanvita asubuhi ile kilikuwa kidogo sana. Ukuta wa mfereji ulikuwa umelowa juu ya maji, upana wa vidole viwili. Ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi, na mvua ya mwisho watu walikuwa wameshaisahau. Ukuta haulowi wenyewe. Ukilowa juu ya maji, basi maji yalikuwa pale muda mfupi uliopita na sasa yameshuka. Na maji ya mfereji ule yalikuwa na mahali pamoja tu pa kutokea: lango la mbao lililokuwa mwisho kabisa, maili moja na nusu kutoka aliposimama yeye na ndoo yake.

Mtu amelifungua. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Mfereji ulichimbwa zamani na wenye mkonge, huku upande wa Mikese, kuleta maji ya Uluguru kwenye mashine za kuchakata. Mashine zikafa, shirika nalo likafa, na ilipofika miaka ya ruksa, mashamba ya umma yalipoanza kuuzwa, Bwana Ignas akalinunua shamba lile. Mkonge hakuugusa. Alikuwa amekaa Ulaya, na huko aliona watu wakikodi boti kwenye mifereji, wakiziendesha wenyewe bila nahodha, wakipika na kulala humohumo siku mbili tatu, wakarudi nyumbani wakisema wamepumzika. Akaleta boti tatu zenye paa, godoro, jiko la mafuta ya taa na injini ndogo nyuma. Morogoro Mjini watu walicheka mpaka wakachoka. Lakini wahadhiri wakaja, maofisa wa Dar es Salaam wakaja, na kila sikukuu boti zote zikawa zimechukuliwa.

Tabu ni kwamba boti haielei kwenye tope. Zamani lango lilifunguliwa siku tatu kwa juma, maji yakashuka kwenye bustani za Waluguru chini ya mfereji. Bwana Ignas aliamuru lifungwe mpaka sikukuu ya Nane Nane ipite. Mjomba Dadi, mkubwa wa ukoo wa akina Mwanvita, alimwendea akiwa na kofia mkononi, akamweleza kuwa nyanya zimetoa maua na ua la nyanya halijui kusubiri. Aliambiwa aje baada ya sikukuu. Sikukuu yenyewe ni ya wakulima.

Miongoni mwa bustani zile ilikuwamo ya Mwanvita. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama, na mama yao alipofariki, bustani ilimjia yeye, binti pekee. Aliyeilima ni kaka yake Twalibu, kwa kuwa Mwanvita aliyeachia shule darasa la tano alikuwa na kazi hii ya kuosha boti na kuwaonyesha wageni namna ya kuziendesha. Kwa hiyo kama kulikuwa na mtu majini kule langoni asubuhi ile, akichokonoa mbao kwa mtaimbo, alikuwa Twalibu, na nyanya alizokuwa akizitafutia maji zilikuwa za dada yake.

Angeweza kusema. Lakini mwezi uliopita Abuu, jirani yao wa bustani, alikamatwa pale pale langoni, na Pazi mlinzi akampiga rungu mpaka Abuu akatema meno mawili kwenye kiganja chake mwenyewe, akayatazama kama mtu aliyeokota mali ya mwenzake. Bwana Ignas alisema atakayefuata atavunjwa mikono. Mwanvita alichovya kitambaa kwenye ndoo, akaendelea kufuta benchi ambalo lilikuwa limeshatakata.

Wageni wa kwanza wa Nane Nane ile walikuwa Bonifasi, ofisa wa wizara kutoka Dar es Salaam, na mkewe Eufrazia. Mwanvita aliwaamkia shikamoo huku akitazama viatu vyao. Kisha akasema mambo yake matatu aliyoyasema kila siku. Usizidishe moto wa injini. Mkono wa injini ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Na ukiona nguzo nyeupe, hapo mfereji umepanuliwa, geuza, usiende langoni.

Sauti yake ilikuwa ndogo na Bonifasi alikuwa akicheka tangu jambo la kwanza. Alimwambia kwamba yeye ameendesha Land Rover mpaka Songea kwenye masika, hababaishwi na kiboti. Eufrazia alimwomba mumewe amsikilize binti. Mumewe alisema amesikia, akamgeukia Pazi aliyekuwa ameegemea rungu lake kando ya wanawake waliokuwa wakifua.

"Huko langoni kuna nini, mlinzi?"

"Kuna Twalibu, bosi," Pazi alisema. "Ukimkuta, mpitie na boti umnyoe ndevu."

Wanawake walicheka. Ukoo wa Pazi na ukoo wa akina Mwanvita ni watani, na mtani husema lolote. Wiki iliyotangulia Twalibu alimwambia Pazi, mbele ya watu haohao, kwamba akifa watamzika amesimama ili aendelee kulinda. Pazi hakujua kama Twalibu yuko langoni kweli. Angejua, asingekuwa ameegemea pale.

Mwanvita alijua. Kamba ya boti ilikuwa mkononi mwake. Akisema "msiende, kuna mtu majini", Pazi atatangulia mbio na rungu. Asiposema, pengine Twalibu atasikia injini na kutoka, kama alivyotoka siku zote. Alipima hivyo kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akafungua kamba.

Boti ilipopotea kwenye kona, aliiacha ndoo, akakata njia katikati ya mkonge. Mwanzo alitembea. Baadaye alikimbia, miba ya mkonge ikimchana miguu, na alisikia ile injini ikilia kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Jambo ambalo hakulipima ni mlio wa maji. Twalibu alikuwa ameshang'oa mbao mbili, na maji yaliyokuwa yakipita langoni yalinguruma kiasi kwamba mtu aliyesimama humo, yamemfika kifuani, asingesikia hata gari moshi. Alikuwa amegeuzia mgongo mfereji. Wenzake wanne na Mjomba Dadi walikuwa chini bustanini na majembe, wakiyaelekeza maji mitaroni.

Bonifasi aliipita nguzo nyeupe akiwa bado anapunga mkono. Hapo maji yalimshika. Boti ilianza kwenda yenyewe, na alipoona lango linamjia na mtu ndani yake, akausukuma mkono wa injini kule alikotaka kwenda, kama usukani wa Land Rover, na akaongeza moto. Boti ikaenda upande wa pili. Mwanvita alitokea ukingoni akiwa amefungua mdomo, na jina la kaka yake likatoka wakati mmoja na kishindo.

Ubavu wa boti ulimbana Twalibu kwenye nguzo ya lango. Kisha nyuma ikazunguka, na mapanga ya injini yakamkuta mkono wa kulia aliokuwa ameuinua kujikinga. Mlio wa injini ulibadilika. Ulikuwa mlio wa mashine ya kusaga inapokutana na jiwe. Maji yaliyokuwa yakishuka kwenye nyanya yalishuka mekundu, na mmoja wa wenzake, aliyekuwa ameinama mtaroni, aliyaona miguuni mwake kabla ya kujua yametoka kwa nani.

Mwanvita aliruka ndani na nguo zake. Alimshika kaka yake kwapani, akamvutia ukingoni, akavua kanga yake ya juu na kuufunga mkono juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Chini ya kiwiko palikuwa na vitu ambavyo hakuviangalia mara ya pili.

Nyuma yake wale wa bustanini walikuwa wameshapanda ukingoni. Walimtoa Bonifasi kwenye boti kwa kumvuta miguu, kichwa chake kikigonga kila ubao. Walimpiga kwa mipini ya majembe, mgongoni, mbavuni, usoni alipogeuka. Kilichosikika ni mipini na maji. Eufrazia alimlalia mumewe. Mpini mmoja ulimpata begani naye hakuondoka. Alisema tu, mara nyingi, kwamba mume wake hajui, hajui kuendesha, hajui.

Ndipo Pazi alipofika. Aliona mgeni wa bosi yuko chini na watu wamemzunguka, na hakuuliza. Rungu lake lilimwangusha wa kwanza, likampata wa pili kwenye taya, na Mjomba Dadi aliyeinua mikono kuamua ugomvi alipigwa kwenye mkono wa kushoto, ukavunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Kisha Pazi alimwona Twalibu chini, na kanga iliyokuwa nyekundu yote. Rungu likamtoka mkononi lenyewe.

"Twalibu," alisema. "Mtani. Ulikuwa humo kweli?"

Twalibu alimtazama. Hakuwa amezimia bado. Alikuwa amesikia kutoka kwa wanawake waliokuja mbio maneno yaliyosemwa kule juu, kwamba Pazi ndiye aliyemwambia mgeni ampitie na boti. Alimtazama Pazi mpaka macho yakafumba.

Hospitali ya mkoa walimkata mkono kwenye kiwiko. Bonifasi alirudishwa Dar es Salaam akiwa amelala kwenye gari, na maelezo aliyoyaacha ni kwamba aliambiwa na mlinzi aende langoni, na yule binti hakumwonya kuhusu mtu majini. Bwana Ignas alisema binti alieleza yote, kama kawaida yake. Mwanvita aliitwa na kuulizwa. Aliinamisha kichwa. Wakasema ni aibu ya mtoto wa kike, maskini, na mshtuko, wakamwacha.

Pazi alikuja kwa desturi. Mtani akikosea huleta kuku na kujidhalilisha, naye alitambaa kwa magoti kutoka barabarani mpaka uani, kuku kwapani, amejipaka majivu. Mjomba Dadi, mkono wake ukiwa kwenye ubao na bendeji, alitaka apokelewe. Alisema utani ni wa zamani kuliko mfereji. Twalibu alitoka ndani, akampokonya kuku, akamkanyaga yule kuku miguu, akamkata kichwa kwa panga alilolishika kwa mkono wa kushoto. Hakumkata kwa mara moja. Ilimchukua mara nne. Damu ilimrukia Pazi kwenye majivu.

"Huu bado haujazoea," Twalibu alisema. "Nitaufundisha."

Akaufundisha. Kila alasiri alikaa nyuma ya nyumba, amebana panga magotini, akilinoa kwa jiwe, kisha akaenda kwenye migomba. Mwanvita akipika alisikia migomba ikianguka. Mwanzo ilichukua mapigo sita, saba. Baada ya majuma matano, ilichukua mawili. Nyanya zilikuwa zimekauka zote na hakuna aliyezitaja. Dada alimkatia kaka yake ugali vipande, akamshikia bakuli la mchuzi, na Twalibu alimwambia mara moja, kwa upole, kwamba yeye ndiye mtu pekee duniani asiye na hatia katika jambo hili. Mwanvita aliinuka akaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Siku Twalibu alipoacha migomba, Mwanvita aliitambua. Ilikuwa saa tisa alasiri, na mlio haukuja. Jiwe la kunolea lilikuwa pale, limelowa bado. Panga halikuwapo. Saa tisa ndiyo Pazi alipokuwa akipita njia ya mkonge kwenda zamu.

Alikimbia njia ileile aliyoikimbia Nane Nane. Aliwaona kwa mbali. Pazi alikuwa amesimama, amemwona Twalibu akitoka kwenye mkonge, na rungu lake lilikuwa limelala chini. Kama alilitupa au lilianguka, hakuna aliyejua baadaye. Hakukimbia. Alikuwa akisema kitu, huenda akijaribu utani wa mwisho. Pigo la kwanza lilimpata begani. Lilizama, na Pazi akapiga magoti kama siku ile ya kuku. Twalibu aliweka mguu kifuani kwa mtani wake, akalichomoa panga, akaliinua.

Mwanvita alipita chini ya mkono ule. Alimwangukia Pazi, damu ya moto ikamwingia shingoni, na akageuza uso juu. Panga lilikuwa pale. Aliona jinsi lilivyonolewa vizuri.

"Ondoka," Twalibu alisema. "Mwanvita, ondoka. Huyu ndiye aliyemtuma."

"Huyu hakujua, kaka."

"Watu walimsikia."

"Alitania. Hakujua uko humo. Pale juu aliyejua alikuwa mmoja."

Panga halikushuka wala halikurudi nyuma. Pazi alikuwa akipumua chini yake kwa sauti ya maji yanayopita mahali pembamba. Mwanvita, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumtazama mtu machoni mpaka mwisho wa sentensi, alimtazama kaka yake.

"Ukuta ulikuwa umelowa," alisema. "Vidole viwili. Niliuona kabla wageni hawajafika, nikajua uko majini. Nilikuwa na kamba ya boti mkononi, kaka, na nilinyamaza, na ni mimi niliyeifungua."